Büsingen ni ya nani? Kijiji cha Ujerumani kilichozungukwa na Uswisi

Swali la msomaji: "Mwalimu, binamu yangu anayeishi Zürich amenitumia picha ya kibao kilichoandikwa Büsingen am Hochrhein. Anasema alipanda basi Schaffhausen, akashuka hapo, akala, akalipa kwa faranga za Uswisi, na njiani hakuona kituo chochote cha ukaguzi. Wenyeji wakamwambia yuko Ujerumani. Kijiji hiki kiko nchi gani hasa? Nani anakiongoza? Na kama kimezungukwa na Uswisi, kwa nini Uswisi haikukichukua tu mambo yakaisha?"

Jibu:

Wenyeji hawakumdanganya binamu yako. Büsingen ni Ujerumani. Ni manispaa ya wilaya ya Konstanz, jimbo la Baden-Württemberg. Wajerumani wanaoishi pale hubeba pasipoti ya Ujerumani, hupiga kura ya bunge la Berlin, na hulipa kodi ya mapato kwa Ujerumani. Ila hakuna hata hatua moja ya mpaka wake inayogusa ardhi nyingine ya Ujerumani, na kwa forodha na biashara kijiji kizima huhesabiwa kuwa ndani ya Uswisi. Kwa hiyo ukiniuliza "kiko nchi gani", nami nitakuuliza: kwa jambo gani? Kwa kura, Ujerumani. Kwa kilo ya nyama, Uswisi. Kwa polisi, inategemea, na tutafika huko.

Tuanze na ardhi. Büsingen ina ukubwa wa kilomita za mraba 7.62 na wakazi wapatao 1,500. Iko ukingo wa kulia wa mto Rhine, kilomita kama nne juu ya mji wa Schaffhausen. Hapo Rhine imeshatoka katika Untersee, mkono wa chini wa ziwa Konstanz, na bado haijafika kwenye maporomoko makubwa yaliyo upande wa pili wa Schaffhausen, kwa hiyo inapita taratibu na meli za abiria zinazopanda na kushuka mto zina gati pale kijijini. Ng'ambo ya mto ni majimbo ya Uswisi ya Thurgau na Zürich. Pande nyingine zote ni jimbo la Schaffhausen. Mpaka wote una urefu wa kilomita 17 hivi, na nchi kavu umewekewa mawe yenye namba.

Ukitoka Büsingen kuelekea mashariki unaingia Dörflingen, kijiji cha Uswisi, na baada ya Dörflingen unakuta Gailingen, ambako Ujerumani inaanza tena. Mahali palipo pembamba zaidi, kipande hicho cha Uswisi kina upana wa kama mita 700. Mtu mzima mwenye afya anavuka kwa dakika kumi. Hizo mita 700 ndizo zilizoleta mikataba, doria na mabishano ya karne mbili na nusu.

Zimetoka wapi? Hapa inabidi nirudi nyuma, maana ramani peke yake haisemi lolote.

Zamani mipaka ya eneo hili haikuwa mstari mmoja. Kijiji kimoja kiliweza kuwa na bwana anayekusanya mazao, mwingine mwenye haki ya kuhukumu makosa ya kifo, na kanisa lililo chini ya mji wa tatu. Büsingen ilikuwa hivyo. Kanisa lake la mlimani, Mtakatifu Mikaeli, ni la kale kiasi kwamba huhesabiwa kuwa kanisa mama la Schaffhausen yenyewe, na baada ya Matengenezo ya dini ya 1529 kijiji kilifuata Uprotestanti pamoja na mji. Ubwana wa kijiji ulikuwa kwa ukoo wa Im Thurn, watu wa Schaffhausen. Lakini haki za juu kabisa zilikuwa kwa Habsburg, ukoo uliotawala Austria, Wakatoliki. Mradi kila mtu ananyamaza, mambo yalikwenda.

Mwaka 1693 hakuna aliyenyamaza. Bwana wa kijiji wa wakati huo, Eberhard Im Thurn, aliingia katika ugomvi mkubwa na viongozi wa kanisa na jamaa zake mwenyewe, akituhumiwa kuuelekea Ukatoliki. Jamaa hao wakamteka, wakampeleka Schaffhausen, na baraza la mji likamhukumu na kumfunga gerezani. Austria ikaona imedharauliwa: mtu aliyekuwa chini ya mamlaka yake amekamatwa katika ardhi yake na kuhukumiwa na mji wa kigeni. Ikabana, ikatisha, na mwaka 1699 Eberhard akaachiwa. Deni la heshima lakini halikufutwa. Schaffhausen ilinyang'anywa haki zake katika vijiji kadhaa vya jirani, na mwaka 1723 iliporuhusiwa kuzinunua tena kwa fedha nyingi, Büsingen haikuwamo katika mauzo.

Mwaka 1770 Austria iliuza haki zake juu ya Ramsen na Dörflingen, safari hii kwa Zürich. Hapo ndipo Büsingen ilipobaki peke yake katikati. Hadithi inayosimuliwa mpaka leo ni kwamba Austria iliibakiza makusudi ili iwe kero ya milele kwa Schaffhausen. Mimi naipokea kwa tahadhari. Kinyongo kilikuwepo, sikatai, ila dola za wakati ule ziliuza zilipohitaji fedha na hazikuuza zilipoona faida ya kushikilia. Hakuna aliyekaa na ramani akapanga kutengeneza kijiji kilichozingirwa. Kilizingirwa kwa sababu majirani waliuzwa.

Kisha Napoleon akaipangua Ulaya. Kwa mkataba wa amani wa Pressburg wa 1805 Büsingen ilitolewa kwa Württemberg, na 1810 ikahamishiwa Baden, zote mbili dola za Kijerumani za wakati huo. Wakazi hawakuulizwa. Baden ilipojiunga na umoja wa forodha wa Wajerumani mwaka 1835, kijiji kiliachwa nje, kwa kuwa hakuna afisa aliyejua angekusanyaje ushuru mahali ambapo kila gunia linapita Uswisi kwanza. Dawa hiyo, kukiacha kijiji nje ya forodha ya nchi yake, ndiyo inayotumika hata sasa kwa sura nyingine.

Kuna kisa cha 1849 ambacho napenda kuwasimulia wanafunzi. Mapinduzi ya Baden yalikuwa yamezimwa, na majeshi ya watawala yalikuwa yakiwasaka wafuasi waliobaki. Julai mwaka huo kikosi cha askari wa Hesse, dola nyingine ya Kijerumani, kama 170, kilipanda meli ya mvuke, kikateremka Rhine, kikashuka Büsingen na kuanza kukamata watu. Tatizo ni kwamba hakuna njia ya majini ya kufika Büsingen bila kupita mbele ya ardhi ya Uswisi pande zote mbili. Waswisi, ambao shirikisho lao jipya lilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, walisema nchi yao imekiukwa. Wakauzingira mlango wa kutokea, wakaita maelfu ya askari chini ya jenerali Dufour, na kwa siku kadhaa askari wa Hesse wakawa wamekwama kijijini: nyumba ni yao, njia si yao. Mwisho wakakubaliana waondoke kwa meli wakisindikizwa. Vita havikutokea.

Sasa nije kwenye swali lako la mwisho, maana ndilo zito. Kwa nini Uswisi haikukichukua?

Wakazi wenyewe walitaka. Mara baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia walipiga kura ya maoni, na asilimia 96 wakachagua kuhamia Uswisi. Kura haikuzaa kitu. Ujerumani, iliyokuwa inapoteza maeneo kila upande kwa amri ya washindi, haikuwa tayari kutoa kijiji bila kupewa ardhi badala yake, na Uswisi haikuwa na kipande cha kutoa ambacho watu wake wangekubali kuwa Wajerumani. Watu husema kura ya Büsingen ilipuuzwa. Mimi nasema ilikosa mnunuzi mwenye bei. Haki ya wenyeji kuamua ilitajwa sana miaka ile, lakini kwa kijiji cha watu mia chache hakuna aliyekuwa tayari kuilipia.

Vita vya Pili vilileta kioja kingine. Kijana wa Büsingen aliyechukuliwa jeshini na Ujerumani, akipewa likizo, alilazimika kupita zile mita za Dörflingen ili afike kwao. Uswisi haikufungamana na upande wowote. Askari wa kigeni mwenye sare na bunduki haruhusiwi kutembea barabarani. Basi aliacha silaha yake Gailingen, na maafisa wa forodha wa Uswisi wakampa koti refu la kufunika sare yake, avuke Dörflingen amejisitiri kisha alirudishe.

Suluhisho la kudumu lilikuja kwa mkataba uliotiwa saini tarehe 23 Novemba 1964 na kuanza kutumika tarehe 4 Oktoba 1967. Mkataba huo haukugusa mamlaka: Büsingen ilibaki Ujerumani. Ila uliingiza kijiji katika eneo la forodha la Uswisi, na vizuizi vya ushuru kati yake na Schaffhausen vikaondolewa. Wakati huohuo kijisehemu kingine cha Ujerumani kilichokuwa kimezingirwa, Verenahof, chenye nyumba tatu tu, kilihamishiwa Uswisi kwa kubadilishana ardhi. Unaona tofauti: nyumba tatu zinahamishika, manispaa yenye kanisa, shule na baraza lake haihamishiki kirahisi.

Katika maisha ya kila siku, sheria za Uswisi zinatumika Büsingen katika forodha, kodi ya ongezeko la thamani, kilimo, vyakula na mambo kadhaa ya afya na hoteli. Katika mengine yote, uraia, ndoa, ardhi, shule, jinai ya kawaida, ni Ujerumani. Kijiji kiko ndani ya Umoja wa Ulaya kwa kuwa ni Ujerumani, lakini kiko nje ya eneo la forodha la Umoja huo. Euro ndiyo sarafu halali; faranga ndiyo iliyo mifukoni, kwa sababu mishahara mingi hutoka Schaffhausen. Barua inafika ukiandika namba ya posta ya Kijerumani, 78266, na inafika ukiandika ya Kiswisi, 8238. Simu nazo zina namba za mwanzo za nchi mbili. Magari yana namba zinazoanza na BÜS badala ya KN za wilaya ya Konstanz, ili afisa wa forodha ajue kwa jicho kwamba gari hili, ingawa la Kijerumani, analichukulia kama la nyumbani. Timu ya mpira, FC Büsingen, inacheza ligi ya Uswisi.

Hata saa iliwahi kugawanyika. Ujerumani Magharibi ilianza kusogeza saa majira ya joto mwaka 1980, Uswisi ikachelewa hadi 1981. Büsingen ikafuata Uswisi, la sivyo watu wangefika kazini saa nzima kabla ya milango kufunguliwa. Ndiyo maana katika orodha ya majira inayotumiwa na kompyuta duniani kuna jina "Europe/Busingen" pembeni ya Berlin na Zürich. Sijui kijiji kingine cha ukubwa huo chenye heshima hiyo.

Polisi wa nchi zote mbili wanaruhusiwa kufanya kazi pale, kwa hesabu. Wa Ujerumani wasizidi watatu kwa kila wakazi 100. Wa Uswisi wasizidi 10 kwa wakati mmoja. Na polisi wa Ujerumani wanaotoka Gailingen lazima wapite njia zilizokubaliwa, bila kufanya kazi yoyote ya kipolisi wakiwa Dörflingen.

Sasa uongozi. Katika Ujerumani, manispaa ndiyo ngazi ya chini kabisa ya serikali, na katiba ya nchi inailinda haki yake ya kujiendeshea mambo yake. Msomaji wa Tanzania asiilinganishe moja kwa moja na manispaa ya kwetu yenye maelfu ya watu, wala na serikali ya kijiji isiyo na kodi zake. Manispaa ya Kijerumani yenye watu 1,500 hupanga matumizi ya ardhi, huendesha shule ya msingi na chekechea, maji safi na maji taka, makaburi na kikosi cha zimamoto cha kujitolea, na hujiwekea viwango vya kodi ya majengo na kodi ya biashara.

Baden-Württemberg ina utaratibu wake kuhusu meya, nao una nguvu kuliko wa majimbo mengi. Meya huchaguliwa moja kwa moja na wananchi kwa miaka minane. Ndiye mkuu wa ofisi, ndiye mwenyekiti wa baraza la madiwani, na ana kura barazani. Pale ambapo wakazi hawafiki 2,000, sheria inamchukulia meya kuwa mtu wa kujitolea, ila ikiwa wanazidi 500 manispaa inaweza kuamua awe mtumishi wa muda wote wa kulipwa. Madiwani huchaguliwa kila miaka mitano. Kwa ukubwa wa Büsingen sheria inataja viti 10, na manispaa ikipenda inaweza kushuka ngazi moja hadi vinane. Mpiga kura ana kura nyingi kama viti vilivyopo. Anaweza kumrundikia mgombea mmoja kura hadi tatu, au kuchanganya majina ya orodha tofauti. Katika kijiji ambacho kila mtu anamjua mwenzake, chama hakina uzito mkubwa. Mtu huchaguliwa kwa jina lake. Umri wa kupiga kura ya manispaa ni miaka 16.

Kazi ambazo ofisi ndogo haiziwezi huendeshwa pamoja na majirani: Büsingen imo katika ushirika wa kiutawala na Gottmadingen na Gailingen, wote wakiwa ng'ambo ya Dörflingen. Mambo makubwa zaidi, kama misaada ya jamii na taka, ni ya wilaya huko Konstanz.

Hapa nina dukuduku langu. Wanaoruhusiwa kupiga kura ya manispaa ni Wajerumani na raia wa nchi nyingine za Umoja wa Ulaya. Uswisi haimo katika Umoja. Kwa hiyo Mbulgaria aliyehamia Büsingen ana haki ya kuchagua diwani baada ya muda mfupi wa ukaazi, ilhali Mswisi aliyezeeka pale, ambaye ndugu zake wako umbali wa vituo vitatu vya basi, hana. Sheria haikutungwa kwa ajili ya Büsingen, naelewa, lakini ndiyo inayouma zaidi mahali kama hapo.

Kidonda kikubwa ni kodi. Mkazi wa Büsingen hununua kwa bei za Uswisi, ambazo ni za juu, na hulipa kodi ya mapato ya Ujerumani, ambayo pia ni ya juu. Jirani yake wa Dörflingen ana bei zilezile na kodi nyepesi. Ujerumani imeweka nafuu maalumu ya kodi kwa wakazi hawa, ila kwa familia changa yenye mishahara miwili bado hesabu mara nyingi hulalia upande wa kuhama. Vijana wengi wamehama, na wastaafu, wakiwemo Waswisi, wamekuja kwa sababu pensheni ilitozwa kidogo. Kijiji kimezeeka. Na kwa kuwa manispaa za Ujerumani hupata asilimia 15 ya kodi ya mapato inayokusanywa, kuondoka kwa wenye mishahara kunapunguza mfuko wa kijiji chenyewe. Uswisi, kwa upande wake, huirudishia Büsingen sehemu ya kodi ya ongezeko la thamani na ya tozo ya malori makubwa, kwa mikataba iliyofuata ule wa 1964. Bila fedha hizo sidhani bajeti ingesimama.

Je, leo wangeunganishwa na Uswisi? Sioni. Ujerumani ingelazimika kukubali, Uswisi ingelazimika kubadilishana au kulipa, na kero kubwa ya zamani, yaani forodha, ilishaondolewa. Iliyobaki ni kodi, na kodi hutatuliwa wizarani, haihitaji kuhamisha mawe ya mpaka.

Mwambie binamu yako, akipanga kurudi, viza ya Schengen inatosha, kwani nchi zote mbili zimo. Lakini asipite Gailingen kununua nyama ya bei nafuu akidhani anatoka Ujerumani kwenda Ujerumani. Akikanyaga Dörflingen ameingiza mzigo Uswisi: nyama isizidi kilo moja kwa mtu, mvinyo lita tano, na tangu Januari 2025 bidhaa zote zisizidi thamani ya faranga 150, la sivyo analipia. Wakazi wa Büsingen wanaotoka sokoni upande ule hufuata kanuni hiyohiyo.